Sura ya 6: Bati Lisilosahau Rola

Volkswagen ile yenye umbo la kobe, iliyozoeleka sana katika barabara zetu miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa na ganda la injini na la giaboksi vilivyotengenezwa kwa aloi ya magnesi, karibu kilo 20 kwa gari moja. Madigadi, boneti na milango vilikuwa vya chuma. Mtu asiyejua angetarajia kinyume chake. Sentimita moja ya ujazo ya magnesi ina gramu 1.74. Ya alumini ina 2.70, na ya chuma karibu 7.85. Kiwanda kilichokuwa kikinunua magnesi kwa maelfu ya tani kila mwaka kilishindwaje kuitumia pale palipo na eneo kubwa zaidi la metali, yaani kwenye bodi?

Majibu ya haraka ni matatu: bei, kutu na moto. Yote ni ya kweli kwa kiasi chake. Lakini hata magnesi ingetolewa bure, na kutu ikapatiwa dawa, madigadi yale bado yasingewezekana kwa namna viwanda vya magari vinavyofanya kazi. Ganda la injini humiminwa: metali inayeyushwa kwa nyuzi 650 na kidogo zaidi, inamwagwa kwenye umbo, inaganda. Madigadi hupatikana kwa njia nyingine kabisa. Bati bapa linawekwa kwenye presi likiwa baridi, presi inashuka, na sekunde chache baadaye bati lina mbonyeo, mkunjo na ukingo. Chuma hukubali. Alumini hukubali kwa kunung'unika kidogo. Bati la magnesi hupasuka.

Waliolitumia bati hilo zamani walilitumia likiwa la moto. Ndege ya kivita ya Marekani B-36, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1946, ilivikwa magnesi sehemu kubwa za ngozi yake, na mabati ya namna hiyo yalipashwa joto kabla ya kupewa umbo. Kwa ndege chache zinazolipiwa na serikali, hilo linavumilika. Kwa kiwanda kinachotaka kutoa gari kila dakika, halivumiliki.

Ili kuelewa ukaidi huu inatupasa kushuka hadi kwenye fuwele. Metali yoyote iliyoganda ni mkusanyiko wa fuwele ndogondogo zilizobanana. Katika bati zuri la magnesi fuwele moja ina upana wa mikroni 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Ndani yake atomu zimejipanga kwa utaratibu usiobadilika. Za alumini hufuata mchemraba. Za magnesi hufuata umbo la pembe sita: tabaka moja la atomu zilizosongamana, juu yake tabaka la pili lililoegemea kwenye mabonde ya lile la kwanza, kisha la tatu linalorudia mpangilio wa la kwanza, na kuendelea hivyo. Mstari unaosimama wima kupita matabaka yote tutauita mhimili wa fuwele.

Metali hukunjika bila kuvunjika kwa sababu matabaka ya atomu huteleza moja juu ya jingine. Alumini ina njia 12 za kuteleza kirahisi, zilizotawanyika pande nyingi, hivyo nguvu ikitoka upande wowote kutakuwa na njia iliyo tayari kuipokea. Magnesi, katika joto la kawaida la karakana, ina uso mmoja tu ulio rahisi: yale matabaka mapana ya pembe sita. Nyuso nyingine zipo, ila katika fuwele safi huhitaji nguvu kubwa zaidi kwa makumi ya mara kabla ya kuanza kuteleza.

Fikiria karata zilizolala mezani katika rundo. Zisukume kwa ubavu nazo zitasambaa bila ubishi. Zikandamize kwa kiganja kutoka juu: rundo halipungui unene hata kidogo. Ukitaka kiganja kilete mabadiliko, lazima kwanza rundo liinamishwe, ili mkandamizo wako upate njia ya kuzitelezesha. Fuwele ya magnesi ndiyo rundo hilo, na karibu kila jambo katika sura hii linategemea swali moja: karata zimelala, zimesimama au zimeinama?

Hesabu yake ilifanywa mapema. Richard von Mises alionyesha mwaka 1928 kwamba fuwele iliyozungukwa na fuwele nyingine haiwezi kubadili umbo kwa namna yoyote inayotakiwa bila kuwa na njia tano za kuteleza zisizotegemeana. Mwaka 1938, G. I. Taylor wa Cambridge aliijenga hoja hiyo kuwa nadharia kamili ya jinsi mkusanyiko wa fuwele unavyobadilika umbo. Mtelezo wa karata unatoa njia mbili tu. Ukilazimisha na mtelezo wa nyuso za ubavuni unafika nne, lakini zote nne zina kasoro moja: hakuna hata moja inayoweza kuongeza au kupunguza urefu wa fuwele kwenye mhimili wake. Kwa hilo unahitaji mtelezo wa mshazari, unaokata matabaka badala ya kuyafuata, na huo ndio mgumu kuliko yote.

Magnesi inayo hila moja ya kufidia. Sehemu ya fuwele inaweza kugeuka ghafla, atomu zikihama kwa pamoja umbali mdogo sana, na kuzaa kipande ambacho mhimili wake umepinduka kwa nyuzi 86. Kipande hicho huitwa fuwele pacha. Karata zilizokuwa zimesimama kwa ubavu zinajikuta zimelala. Lakini hila hii hutokea upande mmoja tu: fuwele inapovutwa kwenye mhimili wake, au inapobanwa kutoka ubavuni. Ukiibana kwenye mhimili wenyewe, haigeuki hivyo. Msomaji ashike jambo hili, kwa maana rola inakuja.

Aloi inayotumika zaidi kwa mabati ya magnesi huitwa AZ31. Herufi zinasimama kwa alumini na zinki, tarakimu kwa asilimia zake, 3 na 1. Bamba lake hupashwa joto hadi kati ya nyuzi 300 na 400, kisha hupitishwa kati ya rola mbili zinazolibana na kulinyoosha. Halipunguzwi unene kwa pupa. Linapita, linarudishwa kwenye tanuri, linapita tena, maana bamba jembamba likigusa rola zenye ubaridi hupoteza joto upesi na kingo zake huanza kuchanika. Gharama kubwa ya bati la magnesi imefichika hapa, katika safari hizi za kwenda na kurudi tanurini, kuliko katika bei ya metali yenyewe.

Na katika kila pito, fuwele zinageuzwa. Zile zilizoinama zinateleza, na kila zinapoteleza chini ya mkandamizo matabaka yake yanazidi kulala. Zile zilizosimama kwa ubavu zinabanwa kutoka upande ule ule unaoruhusu pacha, zinapinduka kwa nyuzi 86, nazo zinalala. Zikishalala hazina njia ya kurudi, kwa sababu rola sasa inazibana kwenye mhimili, upande ambao hila ile haifanyi kazi. Hivyo njia mbili zilizo rahisi kwa magnesi zinaisukuma metali kwenye hali moja, na mwisho wa kazi karibu fuwele zote za bati zina matabaka yaliyolala sambamba na uso wa bati, mihimili ikiwa imesimama wima. Huo ndio mlalo wa fuwele ambao wahandisi wa magnesi wamehangaika nao kwa muda mrefu.

Mlalo huo hupimwa kwa eksirei. Kipande cha bati kinainamishwa na kuzungushwa mbele ya mwali, na kila pembe inatoa kipimo cha fuwele ngapi zimeelekea huko. Ramani inayotokea ina duara lenye milia ya viwango, na namba yake ya juu inaeleza ni mara ngapi fuwele zimejazana upande mmoja kuliko ambavyo zingekuwa kama zingelala ovyo. Bati lisilo na mpangilio lingepata 1. AZ31 iliyotoka kwenye rola mara nyingi hupata 8, 10 au zaidi, na kilele kiko katikati kabisa ya duara.

Turudi kwenye presi. Inaposhuka kutengeneza mbonyeo, inavuta bati pande zote kwa wakati mmoja. Eneo linaongezeka, kwa hiyo unene lazima upungue. Lakini kupunguza unene wa bati hili ni kubana kila fuwele kwenye mhimili wake, jambo ambalo njia zote rahisi zinakataa. Bati halikondi. Linapasuka.

Kuna kipimo cha kiwandani kinachoonyesha hili bila nadharia yoyote. Kinaitwa kipimo cha Erichsen: bati linabanwa kingoni, kisha tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 20 linasukumwa katikati yake mpaka ufa uonekane. Kina cha kikombe kilichopatikana ndicho alama. AZ31 ya kawaida ikiwa baridi mara nyingi hupasuka kabla ya milimita 5. Mabati ya alumini ya bodi za magari hufika 8 au 9.

Ajabu yake ni kwamba ukikata ukanda wa bati hilo hilo na kuuvuta upande mmoja tu, unaonekana mzuri. Unarefuka kwa asilimia 15 au 20, jambo linaloweza kumdanganya mnunuzi anayesoma jedwali la sifa peke yake. Ukiupima utaona kwamba upana ndio uliopungua, unene umebaki karibu vile vile. Metali imepata namna ya kukwepa. Kwenye mbonyeo hakuna pa kukwepea, kwa kuwa upana nao unavutwa. Mimi huona kwamba jedwali la sifa za magnesi lisilotaja mlalo wa fuwele ni sawa na kutokuwa na jedwali.

Mkunjo nao una kituko chake. Upande wa nje wa kona unavutwa, wa ndani unabanwa. Upande wa ndani fuwele zinabanwa kutoka ubavuni, pacha zinazaliwa kwa wingi, na metali inasalimu amri chini ya nguvu ambayo mara nyingi ni kama nusu ya ile inayohitajika kuivuta. Upande wa nje hauna msaada huo. Bati linakuwa laini ndani na kaidi nje, na ufa huanzia nje.

Kila fundi anayefua shaba anajua la kufanya metali inapogoma: irudishe motoni. Nyundo huifanya shaba kuwa ngumu, moto huilainisha, kazi inaendelea. Kinachotokea ndani ni kwamba kufua kunajaza fuwele kasoro, mistari ya atomu zilizokosa nafasi zake, na kila kasoro imebeba nishati. Joto linazipa atomu uwezo wa kujipanga upya. Fuwele changa, safi, zinaanza kuota ndani ya zile zilizochakaa na kuzimaliza. Hii ndiyo maana ya kulainisha kwa joto, na kwa metali nyingi fuwele changa huja na mielekeo yake mipya.

AZ31 inalainika pia. Bati lililoachwa na sehemu ya ugumu wa rola huanza kunyoosheka moja kwa moja kwenye megapaskali 220 hivi. Likilainishwa kikamilifu, takriban 150. Saa moja au pungufu kwenye nyuzi 300 na kitu inatosha. Chini ya hadubini fuwele ni mpya, mviringo, safi, wala hakuna tena alama ya michubuko ya rola. Kisha unalirudisha kwenye eksirei na kukuta kilele kipo pale pale, katikati ya duara. Pengine kimepungua kidogo. Karata zote ni mpya na zote zimelala.

Sababu yake si moja. Fuwele changa nyingi huota kutoka kwenye vipande vya zile za zamani na kurithi mwelekeo wake. Ukizichunguza kwa makini zaidi zimegeuka, lakini zimegeuka nyuzi 30 kwenye mhimili ule ule: karata imezungushwa juu ya meza bila kuinuliwa. Zipo vilevile fuwele zinazozaliwa zikiwa zimeinama, hasa kwenye mikanda myembamba ya mshazari na ndani ya pacha, ambako metali iliteswa zaidi. Hizo ndizo tungezitaka. Shida ni kwamba ni chache na ndogo, zimezungukwa na majirani waliolala, na joto likiendelea majirani wanakua na kuzimeza. Tanuri linafuta ugumu wa rola. Mlalo linauacha.

Suluhisho la kwanza ni kukubali kushindwa na kuunda bati likiwa la moto. Juu ya nyuzi 200 hivi njia zile ngumu za kuteleza hulegea, na kwenye nyuzi 225 au 250 AZ31 hutii presi vizuri. Paa la Porsche 911 GT3 RS ya mwaka 2015 lilikuwa la magnesi, bati lake likitoka kwa kampuni ya POSCO ya Korea Kusini, ambayo humimina metali moja kwa moja kati ya rola mbili na kupata ukanda mwembamba tangu mwanzo, badala ya kuanza na bamba nene. Njia hiyo hupunguza safari za tanurini. Haigusi tatizo la mlalo, na gari lile halikuwa la mtu wa kawaida.

Suluhisho la pili ni kuchezea joto la rola. Bamba la AZ31 likipitishwa kwenye rola karibu na nyuzi 500, kisha likalainishwa, mlalo wake hudhoofika sana na kikombe cha Erichsen huongezeka kina. Matokeo ni mazuri maabara. Kwenye kiwanda halisi, kushika bati jembamba katika joto hilo, karibu na kiwango ambacho aloi inaanza kuyeyuka, ni kazi ambayo wasimamizi wengi wangeikataa.

La tatu ndilo lililobadilisha mazungumzo. Mwaka 2007 watafiti wa Geesthacht, mji ulio jirani na Hamburg, walichapisha pamoja na mwenzao wa Marekani vipimo vya mabati ya magnesi yenye zinki na kiasi kidogo cha metali adimu: seri, neodimi, itri na jamaa zake. Kiasi kidogo kweli. Katika aloi iitwayo ZE10 metali hizo hazifiki nusu asilimia. Kilele cha mlalo kilikuwa chini sana kuliko cha AZ31, na hakikuwa tena katikati. Kilikuwa kimetawanyika kuelekea ubavu wa bati, yaani fuwele nyingi zimeinama. Karata zimeinuliwa mezani.

Kinachovutia ni wakati jambo hili linapotokea. Ukipima bati la aina hiyo mara tu linapotoka kwenye rola, mara nyingi bado lina mlalo unaofanana na wa AZ31. Ni tanuri linaloleta tofauti. Joto lile lile lililoshindwa kwa AZ31 linafanikiwa hapa.

Atomu za metali adimu ni kubwa kuliko za magnesi. Hazikai kwa raha ndani ya fuwele, hivyo hukimbilia mipakani, mahali fuwele mbili zinapokutana na nafasi ni legevu zaidi, na zinki huzifuata huko. Mpaka uliobeba mzigo wa namna hiyo hausogei kirahisi. Fuwele zilizolala, ambazo kwenye AZ31 zingepanuka na kumeza majirani, zinazuiwa. Zile zilizoinama, zilizozaliwa kwenye mikanda ya mshazari, zinapata muda wa kukua. Atomu hizo pia hurahisisha mtelezo wa mshazari wakati wa rola na kuifanya mikanda ile iwe mingi na iliyotawanyika, hivyo vitalu vya kuotesha fuwele zilizoinama vinaongezeka. Kipi kina uzito zaidi kati ya hayo, watafiti bado wanabishana. Kwa maoni yangu kuzuiwa kwa mipaka ndiko kunakoeleza vizuri zaidi kwa nini tanuri, wala si rola, ndilo linaloamua.

Hapa Afrika Mashariki tuna habari na metali hizi. Ngualla mkoani Songwe, kilima cha Mrima huko Kwale na Gakara nchini Burundi vyote vinatajwa kwa hazina zake. Lakini bei ya neodimi inaamuliwa na watengenezaji wa sumaku, ambao wako tayari kulipa zaidi kuliko mtu anayetaka kupunguza uzito wa boneti. Ndiyo maana kazi nyingi zilihamia kwenye kalsiamu. Atomu yake nayo ni kubwa, nayo hukimbilia mipakani ikiwa na zinki, na robo au nusu asilimia yake hufanya karibu kazi ile ile. Haina ushindani wa sumaku, na inapatikana kwenye chokaa. Mabati ya magnesi, zinki na kalsiamu yaliyopitishwa kwenye rola na kulainishwa vizuri yamefika vina vya Erichsen vinavyokaribiana na vya alumini, yakiwa baridi.

Tanuri peke yake halitoshi, hata kwa aloi hizi. Likiachwa muda mrefu au joto likazidi, fuwele zinakua kubwa na bati linapoteza uimara. Pito la mwisho la rola likifanywa kwenye joto la juu mno, kasoro ndani ya metali zinakuwa chache na fuwele changa zinakosa nishati ya kuota. Anayeendesha rola na anayeendesha tanuri wanapaswa kupanga pamoja, jambo ambalo viwanda vingi havikuzoea.

Aloi hizi zina deni lake pia. Fuwele zilizoinama zinateleza upesi, kwa hiyo bati linaloundika kirahisi huanza kunyoosheka chini ya nguvu ndogo zaidi kuliko AZ31 iliyolala. Na kwa kuwa mwinamo umeelekea ubavuni, bati ni laini zaidi likivutwa kwa upana kuliko likivutwa kwa urefu wa rola. Anayekata vipande vya kwenda kwenye presi analazimika kujua rola ilipita upande gani. Hawezi kugeuzageuza kiolezo cha madigadi ya kushoto na ya kulia ili kubana nafasi na kuokoa bati, kama alivyozoea kufanya kwa chuma.